Mwongozo wa Kuchagua Testa, Mita na Vifaa vya Ugezi kwa Fundi Umeme Anayejitegemea

Fundi umeme aliyeajiriwa hukabidhiwa mita stoo asubuhi na kuirudisha jioni, na yuko mtu mwingine mwenye jukumu la kukumbuka ilipelekwa maabara lini kwa ugezi, yaani kulinganishwa na kipimo sahihi. Anayejitegemea hana stoo. Yeye ndiye mnunuzi, mtunzaji, mhakiki na mtumiaji, na fedha ya kununulia mita hutoka mfuko uleule unaolipa kodi ya nyumba na ada za watoto. Kwa sababu hiyo wengi wetu tumeanza kazi na testa ya bisibisi pamoja na mita ya bei ya chini kabisa, tukiahidi kununua kitu cha maana baadaye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa fundi wa Tanzania anayefanya wayaringi za nyumba, maduka na karakana ndogo, ambako umeme ni volti 230 kati ya fezi na nyutro, volti 400 kati ya fezi na fezi, na masafa ya hezi 50. Anayefanya kazi Kenya au Uganda abadilishe majina ya taasisi, na ahakiki volti za kwake. Kila hatua imejengwa juu ya swali moja ambalo fundi anapaswa kujiuliza kabla hajauliza bei: kifaa hiki kikiharibika bila mimi kujua, kitaniambia nini? Kipo kifaa ambacho kikifa hukwambia “hakuna umeme”, na kipo ambacho kikifa hukwambia “wayaringi ni nzuri”. Vyote viwili ni hatari, kila kimoja kwa namna yake, na fedha yako inapaswa kwenda kwanza mahali ambapo uongo huo unaua.

Hatua ya 1: Orodhesha kazi zako kabla ya kwenda dukani

Chukua daftari uandike kazi ulizofanya miezi sita iliyopita. Usiandike zile unazotamani kupata. Kama tisa kati ya kumi ni kuongeza soketi, kutafuta shoti na kufunga wayaringi mpya ya vyumba viwili au vitatu, vifaa unavyohitaji ni vichache na vinajulikana. Kama unafunga pampu za visima na mashine za kusaga za fezi tatu, utahitaji klempu mita nzuri (ile inayopima mkondo kwa kuubana waya kwa taya, bila kuukata) mapema zaidi. Kama unafunga sola, itabidi klempu hiyo ipime mkondo mnyoofu (DC), kwa kuwa klempu nyingi za bei nafuu hupima mkondo geu (AC) peke yake na zikishikishwa kwenye waya wa betri husoma sifuri. Fundi akiiamini sifuri ile hufungua kiungo chenye mkondo mkubwa na kupata cheche asiyoitarajia.

Orodha hii pia hukuonyesha unasimama wapi kwenye njia ya umeme, yaani karibu na nguzo, kwenye DB (kisanduku cha kugawia umeme), au mwisho kabisa kwenye soketi. Hilo ndilo linaloamua hatua inayofuata.

Hatua ya 2: Soma kategoria kabla ya kusoma volti

Kila testa na mita inayostahili kuitwa hivyo imeandikwa CAT II, CAT III au CAT IV kando ya kiwango cha volti, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa IEC 61010. Alama hizi hueleza mahali kifaa kinaporuhusiwa kutumika. CAT II ni vifaa vinavyochomekwa kwenye soketi. CAT III ni wayaringi ya kudumu ya jengo, pamoja na DB, sakiti breka na mota zilizofungwa moja kwa moja. CAT IV ni chanzo chenyewe: waya unaoshuka kutoka nguzoni, mita ya LUKU na upande wa juu wa mein swichi.

Mafundi wengi huona namba 1000 kwenye mita na kudhani ni bora kuliko yenye 600. Sivyo. Mita ya CAT II ya volti 1000 na ya CAT III ya volti 600 zote hujaribiwa kwa msukumo wa ghafla wa volti 6,000, ila ya CAT II hupewa msukumo huo kupitia ukinzani wa ohmu 12 na ya CAT III kupitia ohmu 2. Gawanya mwenyewe: ya kwanza inapaswa kustahimili ampea 500 kwa kitambo kifupi sana, na ya pili ampea 3,000. Misukumo ya aina hii hutokea radi inapopiga laini, au mota kubwa ya jirani inapozimwa, na inaweza kufika wakati ncha zako ziko kwenye mein swichi. Mita isiyostahimili hupasuka mkononi.

Kwa fundi wa majumbani, kiwango cha chini ninachokikubali ni CAT III ya volti 600, na anayegusa upande wa juu wa mein swichi awe na CAT IV ya volti 600. Tazama pia maandishi kwenye waya za kupimia, si kwenye mwili wa mita peke yake. Mita ya CAT IV iliyochomekwa waya za CAT II imekuwa ya CAT II.

Hatua ya 3: Nunua kwanza testa ya ncha mbili

Fedha ya kwanza iende hapa, hata kama itabidi multimita ingoje mwezi mwingine. Testa ya ncha mbili iliyotengenezwa kwa kiwango cha IEC 61243-3 ina kazi moja, nayo ni kukujulisha kama umeme upo au haupo, kabla hujaweka mkono.

Testa ya bisibisi ninaielewa vizuri kwa sababu niliitumia miaka mingi. Ndani yake mna ukinzani (rezista) wa umbo la ushanga, springi, na taa ya neoni. Ukigusa waya wenye umeme huku kidole kiko kwenye kichwa cha chuma, mkondo mdogo hupita kwenye ukinzani, taa, mwili wako, hadi ardhini. Mwili wako ni sehemu ya sakiti. Ukiwa juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya mpira, mkondo hupungua na taa hufifia, na ukiwa ukuta wa nje saa saba mchana, jua la Dar es Salaam humaliza kilichobaki: waya una volti 230 na wewe huoni chochote. Maji yakiingia ndani yake, au ukinzani ukipasuka, hutapigwa na mwanga tena, utapigwa na umeme wenyewe. Zaidi ya hayo, nyutro ikikatika, testa hii huwaka kwenye matundu yote mawili ya soketi na kumchanganya fundi mchanga anayetafuta hitilafu.

Testa ya kalamu, ile inayolia bila kugusa waya, ni afadhali kidogo kwa kufuatilia waya ukutani. Lakini haisikii kitu kupitia kebo yenye ganda la chuma, haisikii mkondo mnyoofu, na betri ikiisha hukaa kimya kama vile hakuna umeme. Iweke mfukoni kama msaidizi, na ikilia uiamini. Ikinyamaza, usiiamini.

Testa ya ncha mbili huangalia tofauti ya volti kati ya nukta mbili bila kuutumia mwili wako kama njia. Unapoichagua, angalia mambo haya kwa mkono wako mwenyewe dukani. Chuma kinachobaki wazi kwenye ncha kisizidi milimita 4, na kama kuna vifuniko vya kukifupisha hadi milimita 2 ni bora zaidi, kwa kuwa ncha ndefu ndiyo inayounganisha fezi mbili ndani ya DB iliyobanana. Pawe na ukingo unaozuia vidole kuteleza. Waya uwe mnene, wenye insulesheni maradufu, na usiwe wa kuchomoa. Iwe na taa ya tahadhari inayowaka volti ikipita 50 hata betri zikiwa zimekufa, nawe muuzaji akikwambia inayo, mwombe atoe betri muijaribu kwenye soketi yake hapo hapo.

Ziko pia testa zenye vitufe viwili vya kubonyeza kwa pamoja ili kuipa sakiti mzigo kidogo. Hilo lina faida kubwa. Waya uliokatika ambao umelala ndani ya konduiti moja na waya wenye umeme huokota volti za uongo, pengine 60 au 90, na multimita ya kawaida huziona kama volti halisi. Ukiweka mzigo, volti za uongo huanguka, na za kweli hubaki. Ujue tu kwamba ukibonyeza vitufe hivyo kati ya laivu (waya wa fezi) na ethi (waya wa ardhini), RCD ya miliampea 30, yaani swichi inayokata umeme unapovuja kwenda ardhini, inaweza kukata.

Hatua ya 4: Pata cha kuithibitishia testa

Testa bila njia ya kuithibitisha ni nusu ya kifaa. Utaratibu una sehemu tatu: thibitisha testa kwenye chanzo unachokijua, pima mahali unapotaka kufanya kazi, kisha rudi uthibitishe tena kwenye chanzo kilekile. Ule uthibitisho wa mwisho ndio wanaouruka wengi, na ndio unaokuhakikishia kwamba testa haikufa katikati ya kazi.

Chanzo kinaweza kuwa soketi ya chumba cha pili. Tatizo ni kwamba umeme wa mtaani hukatika. Umefika kwa mteja, testa inasema hakuna umeme kwenye DB, na hujui kama ni kwa sababu umezima mein swichi sahihi au kwa sababu mtaa mzima hauna umeme. Dakika kumi baadaye laini inarudi, mikono yako ikiwa ndani. Kifaa kidogo cha kuthibitishia, chenye betri zake, ambacho hutoa volti za kutosha kuwasha taa zote za testa, hukutoa kwenye utegemezi huo: kinakuonyesha kwamba testa ni nzima hata mtaa ukiwa giza. Hakikwambii kwamba sakiti haitarudi. Kwa hilo unahitaji kufuli ya breka na kibao chenye jina lako, na unahitaji kumwuliza mwenye nyumba kama ana jenereta au inveta, kwa sababu inveta nyingi huwaka zenyewe mara umeme unapokatika na zinaweza kuipa nguvu sakiti uliyoihesabu kuwa imekufa.

Unapopima, usiishie laivu na nyutro. Sakiti ya fezi moja ina vipimo vitatu: laivu na nyutro, laivu na ethi, nyutro na ethi. Ya fezi tatu ina vipimo kumi: vitatu kati ya fezi na fezi, vitatu kati ya kila fezi na nyutro, vitatu kati ya kila fezi na ethi, na kimoja kati ya nyutro na ethi.

Hatua ya 5: Chagua multimita na klempu mita

Hapa uhuru wako ni mkubwa zaidi, kwa kuwa vifaa hivi ni vya kutafutia hitilafu na si vya kukuruhusu uguse waya. Mambo machache yanatosha kuchuja zile zisizofaa.

Fungua kifuniko cha nyuma uone fyuzi. Fyuzi ya kioo iliyo nyembamba, yenye kuandikwa 250 V, haiwezi kuzima mkondo wa shoti kwenye wayaringi ya jengo: waya wake hukatika, lakini cheche huendelea kupita ndani ya kioo hadi kioo kipasuke. Unataka fyuzi ya kauri, nene na nzito, iliyojazwa mchanga, iliyoandikwa volti 600 au 1000 pamoja na uwezo wa kukata wa maelfu ya ampea. Ukimkuta muuzaji anayekataa mita ifunguliwe, nenda duka la pili. Kariakoo ina maduka mengi.

Tafuta maandishi True RMS, yaani mita inayopima thamani halisi hata wimbi la umeme likiwa limeharibika umbo. Mita isiyo na uwezo huo hupima wastani wa wimbi kisha huzidisha kwa 1.11, hesabu ambayo ni sahihi kwa wimbi safi tu. Taa za LED, kompyuta, inveta na vidhibiti vya kasi ya mota huharibu umbo la wimbi, na hapo mita ya wastani huweza kusoma chini hata kwa theluthi. Fundi anaona ampea chache kwenye kebo inayochemka na anaanza kuilaumu kebo.

Kisha jifunze kusoma usahihi ulioandikwa kwenye kijitabu. Tuchukue mita ya usahihi wa asilimia 0.8 jumlisha tarakimu 3, inayoonyesha volti 230.0. Asilimia 0.8 ya 230 ni 1.84, na tarakimu 3 za mwisho ni 0.3, kwa hiyo volti halisi iko kati ya 227.9 na 232.1 hivi. Kwa kazi ya nyumbani hiyo inatosha kabisa, na hakuna sababu ya kulipa mara tatu ili upate asilimia 0.05.

Hatua ya 6: Mega, lupu na RCD, yaani vifaa vya kusainia kazi

Mteja hawezi kuunganishiwa umeme kihalali bila mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, kuikubali wayaringi. Anayegonga muhuri bila kupima anagonga muhuri juu ya matumaini.

Anza na mega, yaani kipima ukinzani wa insulesheni, yenye volti 250, 500 na 1000. Wayaringi ya nyumba hupimwa kwa volti 500 za mkondo mnyoofu, na ukinzani wa insulesheni usipungue megaohmu 1. Wayaringi mpya iliyo kavu hutoa mamia ya megaohmu, kwa hiyo ukipata 3 katika nyumba mpya, imefaulu kwa karatasi lakini kuna jambo: msumari uliogusa kebo, au kisanduku kilichoingia maji ya plasta. Toa kwanza taa za LED, vidhibiti na kila chenye elektroniki, maana volti 500 huziua.

Mega ndicho kifaa kilichonifundisha swali nililolitaja mwanzoni. Nilikuwa Kigamboni, nyumba ya vyumba viwili iliyokaribia kukabidhiwa, na kila sakiti niliyoipima ilisoma juu ya upeo wa mita: ukinzani mkubwa usio na mwisho, sakiti baada ya sakiti. Nilifurahi, nikaandika. Nilipofika sakiti ya mwisho, ya hita ya maji, nikakumbuka kwamba hita yenyewe ilikuwa bado imeunganishwa, na hita ya zamani kama ile haiwezi kuwa safi kiasi hicho. Nikagusisha ncha mbili za mega pamoja. Ilipaswa kusoma sifuri. Ikasoma juu ya upeo. Nikauchezesha waya mwekundu pale unapoingia kwenye plagi, namba ikaruka hadi sifuri na kurudi. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya plastiki na kwa nje haikuonekana. Kila namba niliyoiandika asubuhi ile ilikuwa namba ya waya uliokatika, wala haikuwa na habari yoyote ya nyumba. Nilirudia kazi yote kwa waya mpya, na sakiti ya jikoni ikatoa megaohmu 0.4.

Multimita yenye waya uliokatika hukwambia hakuna volti. Mega yenye waya uliokatika hukwambia nyumba ni nzuri mno. Tangu siku hiyo, kila kabla ya kupima nagusisha ncha nione sifuri, kisha naziachanisha nione upeo, na nafanya hivyo tena nikimaliza.

Kifaa cha kupimia lupu, yaani ukinzani wa njia nzima ambayo mkondo wa hitilafu hupita kwenye laivu na kurudi kwa ethi, ndicho kinachofuata, na hapa ndipo usahihi unapoanza kuwa na bei. Sakiti breka ya aina C yenye ampea 32 huhitaji hadi mara kumi ya kiwango chake, yaani ampea 320, ili ikate papo hapo. Kwa volti 230, lupu isizidi ohmu 0.72. Tuseme kifaa chako kina usahihi wa asilimia 5 jumlisha tarakimu 3, nacho kimesoma 0.68. Kosa linaloruhusiwa ni 0.034 jumlisha 0.03, kwa hiyo thamani ya kweli inaweza kufika 0.744. Usomaji uliofaulu umekuwa wa mashaka. Aina B ya ampea 32 huhitaji hadi mara tano tu, ampea 160, na kikomo chake ni ohmu 1.44, hivyo usomaji uleule haukupi wasiwasi wowote.

Nyumba inayotegemea fimbo ya ethi peke yake ni habari nyingine. Lupu ya ohmu 20 huruhusu ampea 11.5 tu kupita kwenda ardhini, na breka ya ampea 32 haitakata kamwe. Bodi ya friji itabaki na umeme siku nzima. Kinachomwokoa aliyemo ndani ni RCD. Kwa hiyo kifaa cha kupimia RCD si anasa. Kwa RCD ya kawaida ya miliampea 30, isikate ikipewa 15, ikate ndani ya milisekunde 300 ikipewa 30, na ndani ya milisekunde 40 ikipewa 150. Kitufe chenye herufi T hujaribu mitambo ya ndani ya RCD, hakipimi muda wake wala hakijui kama ethi ipo.

Fimbo yenyewe hupimwa kwa kifaa cha misumari mitatu, msumari wa kati ukiwekwa kwenye takriban asilimia 62 ya umbali kutoka fimbo hadi msumari wa mbali.

Ukishaelewa haya, chaguo la fedha ni kati ya kununua kimojakimoja au kifaa kimoja chenye kazi zote. Kwa anayejitegemea, ushauri wangu ni mega peke yake kwanza, kisha, kazi zikiongezeka, kifaa cha pamoja. Mafundi watatu wanaoaminiana wanaweza kununua kifaa cha pamoja kwa ubia, ilimradi mmoja wao awe ndiye mwenye daftari na tarehe ya ugezi.

Hatua ya 7: Elewa ugezi kabla ya kulipia

Dukani utakuta mashine za ugezi zinazotoa volti, mkondo na ukinzani wa usahihi mkubwa. Ni za maabara. Fundi anayejitegemea hazihitaji, na hata akiwa nayo hawezi kujipa cheti chenye nguvu, kwa kuwa mashine ile nayo lazima igeziwe na chombo kilicho juu yake, hadi kufikia vipimo rejea vya taifa. Mnyororo huo ndio unaolipia.

Ugezi ni kulinganisha kifaa chako na kipimo rejea na kuandika tofauti. Kukirekebisha ili tofauti iondoke ni kazi nyingine, na si kila maabara huifanya bila kuombwa. Tanzania, maabara ya metrolojia (sayansi ya vipimo) ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, iliyopo Ubungo ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Kenya ni KEBS na Uganda ni UNBS. Wakala wa Vipimo nao hushughulika na vipimo vinavyotumika katika biashara, kama mizani na pampu za mafuta, hivyo usiichanganye kazi yao na hii.

Unapopokea cheti, usiridhike na muhuri. Tafuta namba ya utambulisho (serial) ya kifaa chako, tarehe, vipimo rejea vilivyotumika, kutokuwa na uhakika kwa kila kipimo (yaani kiasi ambacho kipimo chenyewe kinaweza kukosea), na namba zilizopatikana kabla ya marekebisho. Hizo za kabla ndizo muhimu kuliko zote, kwa maana zinakueleza kama kazi ulizosaini mwaka uliopita zilipimwa kwa kifaa kilichokuwa sawa. Maabara iliyoidhinishwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025 hukupa taarifa hizo. Karatasi iliyoandikwa “kimepita” bila namba yoyote haikufai.

Mwaka mmoja ni kipindi kinachofaa kwa mega, lupu na RCD. Kifaa kikianguka kutoka ngazini, mwaka umeisha siku hiyo.

Hatua ya 8: Jenga kisanduku chako cha uhakiki

Kati ya ugezi mmoja na mwingine ipo miezi kumi na miwili ambamo hujui kitu. Kisanduku cha uhakiki hujaza pengo hilo kwa gharama ndogo, nawe unaweza kukitengeneza jioni moja.

Nunua ukinzani kumi wa kiloohmu 100 wenye usahihi wa asilimia 1, wa robo wati. Waunganishe kwa mfuatano upate megaohmu 1. Kwa nini kumi, na si mmoja wa megaohmu 1? Kwa sababu ukinzani mdogo wa kawaida haujatengenezwa kustahimili volti 500 peke yake, na ukipewa volti hizo thamani yake hubadilika au hupasuka. Ukiwa na kumi, kila mmoja hubeba volti 50 tu na wati 0.025, na hata ukipima kwa volti 1000 kila mmoja hubeba volti 100 na wati 0.1, ambazo bado ni salama. Tengeneza mfuatano wa pili wa kumi wa megaohmu 1 upate megaohmu 10. Kwa kipimo cha mwendelezo wa waya, ambacho hutumia angalau miliampea 200, weka ukinzani wa ohmu 1 na wa ohmu 2. Vifunge kwenye kisanduku cha plastiki kikavu chenye vituo vya kuchomekea waya, uandike thamani kwa wino usiofutika, na usiguse vituo wakati mega inabonyezwa.

Kwa lupu, chagua soketi moja nyumbani kwako uifanye soketi ya rejea, na kwa RCD tumia ileile ya DB yako kila mara. Lupu ya soketi hiyo itapanda na kushuka kidogo kwa sababu ya mtandao wenyewe, kwa hiyo angalia mwelekeo wa miezi mingi, si namba ya siku moja.

Kisanduku hiki hakikupi ugezi. Kinakuonyesha mabadiliko, na ndiyo maana usomaji wa kwanza kabisa unapaswa kuandikwa siku kifaa kinaporudi kutoka maabara, ukitumia waya zilezile utakazozitumia kazini. Baada ya hapo, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, pima na uandike: tarehe, kifaa, thamani ya kisanduku, usomaji, hali ya betri. Mega iliyosoma 1.01 mwezi wa kwanza, kisha 1.01, kisha 1.02, kisha 1.09, imekwambia jambo ambalo cheti cha ukutani kisingekwambia hadi mwaka ukamilike. Mimi hukisimamisha kifaa usomaji ukihama kwa zaidi ya asilimia 5 kutoka ule wa kwanza. Kabla ya kukilaumu, badilisha betri, badilisha waya za kupimia, kisha pima kisanduku kwa multimita nzuri, maana inawezekana kilichohama ni kisanduku.

Hatua ya 9: Nunua kwa ushahidi, tunza kwa mazoea

Dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) yenye jina la kifaa na aina yake, na uandike namba ya utambulisho ya kifaa nyuma yake mbele ya muuzaji. Bila risiti huna dhamana, na kifaa kikiibwa huna cha kuonyesha polisi. Vifaa bandia vya majina makubwa vipo sokoni. Mara nyingi hujulikana kwa uzito mdogo, swichi ya kuzungusha iliyolegea, maandishi ya kijitabu yenye makosa, na ile fyuzi ya kioo uliyoikuta ulipofungua kifuniko.

Pwani, unyevu na chumvi hushambulia vituo vya betri kwanza. Toa betri kama kifaa kitakaa zaidi ya wiki mbili, na kiweke kwenye begi lenye kifuko cha kunyonya unyevu. Kwenye bodaboda usiifunge mega nyuma ya kiti juu ya chuma. Ivae mgongoni, mwili wako hupunguza mtikisiko. Usizungushie waya za kupimia kwenye mwili wa kifaa kwa kuvuta, kwa kuwa hukatika palepale waya wangu mwekundu ulipokatikia, kwenye shingo ya plagi.

Fundi mwenzako akikuomba mega ya siku moja, mpe pamoja na kisanduku, na ikirudi ipime kabla ya kuirudisha kwenye begi. Kifaa chochote kilichoshindwa, hata kama unatarajia kukitengeneza kesho, kifungie karatasi iliyoandikwa USITUMIE na ukitoe kwenye begi la kazi jioni hiyohiyo. Kisha fungua daftari, rudi hadi uhakiki wa mwisho kilipokuwa sawa, na uorodheshe nyumba zote ulizozipima kuanzia tarehe hiyo. Hizo ndizo utakazozirudia, ukianza na ile yenye watoto wadogo na hita ya maji.